Mgahawa wa Sahare: shajara ya ujenzi usiofika siku ya kufungua

Familia yetu inajenga mgahawa wa samaki Sahare, Tanga, kwenye kiwanja ambacho mama alirithi kwa babu. Bahari iko mashariki, barabara magharibi. Mpango wa mwanzo ulikuwa jiko, ukumbi wa watu 40, banda la makuti na vyoo viwili, kwa Sh milioni 38, ndani ya miezi minane. Fedha zinatoka kwenye kibanda cha mama cha mamalishe, mshahara wangu, na kaka yangu aliyeko Muscat. Naandika kila hatua inapoisha au inapokwama, kwa kuwa wanaojenga pwani wananiuliza mambo yaleyale. Bei ni za Tanga za wakati husika. Yaliyokwenda sawa nayapitia haraka.

12 Oktoba 2019: Ramani ya kwanza imekufa

Mchoraji alituwekea banda la makuti karibu kabisa na ufukwe, watu wale huku wakiangalia ngalawa zikirudi. Mpima alipokuja kuhakiki bikoni, zile alama za mipaka, aliuliza kwanza maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, yanafika wapi, akaanza kuvuta futikamba kutoka hapo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Banda letu lilikuwa kwenye mita 46.

Basi upande wa mashariki utabaki na minazi na viti vya kuhamishika. Majengo yote yamesogezwa kuelekea barabarani, na jiko lililokuwa katikati limeishia pembe ya kusini. Kuchora upya Sh 450,000. Anayenunua kiwanja cha ufukweni apime mita hizo kabla ya kulipa. Hakuna muuzaji atakayemkumbusha.

29 Februari 2020: Msingi na jamvi

Mawe ya Pongwe, mkanda wa zege wenye nondo za mm 12, kifusi, na jamvi, yaani zege la sakafu. Saruji Sh 14,500 kwa mfuko. Jumla Sh 9,600,000.

Jamvi limemwagwa sawa kwa jengo zima. Ukumbi, jiko na vyoo vina sakafu ya urefu mmoja. Fundi alikuwa na fahari nalo, na kweli lilinyooka. (Nimerudi kuongeza mstari huu baadaye: usifanye hivi pwani. Sababu iko Oktoba 2023.)

7 Desemba 2020: Kuta, kwa kusuasua

Kuta zimefika juu na lenta, mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, imemwagwa. Katikati yake kulikuwa na korona. Muscat ilifungwa, kaka akapunguziwa saa za kazi, fedha zikaacha kuja. Majani yaliota ndani ya ukumbi hadi mbuzi wa jirani wakapafanya kwao. Tuliporudi kazini saruji ilikuwa imeadimika nchi nzima, na hata sisi tunaokaa na kiwanda pale Pongwe tukanunua kwa 17,000. Kuta na lenta Sh 11,200,000, ikiwemo bei ya matofali yaliyoondoka yenyewe usiku.

Kwa wenye ndugu wa nje: usipange kazi kwa ahadi ya mwezi ujao. Siku hizi nanunua vifaa kwanza, vikishafika kiwanjani ndipo namwita fundi. Fundi anayesubiri mchanga anakula fedha kama anayefanya kazi.

19 Machi 2022: Plasta inatoa unga

Plasta ya ndani ilipigwa Septemba iliyopita kwa Sh 3,400,000 na ikapendeza. Baada ya vuli ukuta wa ukumbi ukaanza kutoa unga mweupe, kama umenyunyiziwa sembe. Tukafuta, ukarudi. Tukapaka rangi ya kwanza, ikavimba malengelenge, na ukiyaminya kwa kidole yanabomoka na kuacha mchanga mkavu.

Fundi wa zamani mmoja wa Makorora, mzee ambaye sasa hashiki mwiko ila kwa kuombwa, alikuja kuangalia. Hakugusa ukuta. Alikwenda kwenye mabaki ya mchanga nyuma ya jengo, akachota kidogo kwa kidole, akauweka ulimini, akatema.

"Mwanangu, huu umeuokota wapi?"

"Uliletwa na fuso, mzee."

"Fuso halina kosa. Huu wa baharini. Bei yake ilikuwaje?"

Bei yake ilikuwa nusu ya tripu ya mchanga wa mtoni. Tulishangilia punguzo.

Chumvi haiondoki kwa kupaka rangi juu yake. Inavuta unyevu wa hewa, inayeyuka, inatoka nje ya ukuta na kuganda tena, kila msimu. Kwenye plasta ni hasara ya sura tu. Kwenye zege ingekuwa balaa, kwa sababu chumvi inaozesha nondo kutoka ndani, na nondo ikishika kutu inatanuka na kupasua zege. Hofu yetu kubwa ikawa lenta. Tukapasua kidogo kwa tindo sehemu mbili hadi kwenye chuma. Ilikuwa safi, ya bluu-bluu kama ilivyotoka dukani, maana mchanga wa lenta ulikuwa wa tripu nyingine, ya mtoni.

Tiba: plasta yote ya ndani imeng'olewa, kuta zimesuguliwa kwa brashi ya waya, zimeoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kuachwa zikauke, zikaoshwa tena, ndipo ikapigwa plasta mpya. Sh 2,150,000.

Sasa kila tripu inapimwa kabla fuso halijainua bodi. Kwanza ulimi. Pili chupa ya maji ya lita moja na nusu: mchanga hadi nusu, maji hadi karibu na shingo, tikisa, acha utulie. Tabaka la udongo juu ya mchanga likiwa nene, rudisha. Maji ya juu yakiwa ya chumvi, rudisha pia, hata dereva akinuna.

30 Julai 2022: Paa, na kibao

Kenchi, bati la rangi geji 28, misumari yenye kofia ya mpira, fisha bodi. Sh 14,800,000, mbali kabisa na 9,000,000 tulizopanga. Nondo na bati vimepanda, na tangu mafuta yavuke Sh 3,000 kwa lita kila fuso linalokuja linataja bei mpya. Nati za kawaida zinashika kutu huku kabla ya mwaka. Tumia zilizopakwa zinki, hata kama muuzaji anasema ni zilezile.

Mageti na nondo za madirisha zimechelewa, kwani mafundi wa kuchomelea tuliowajua wamevuka kwenda Chongoleani kwenye mradi wa bomba la mafuta ghafi, ambako kuna mshahara wa kueleweka. Siwalaumu. Tuliyempata amefanya kazi nzuri kwa Sh 6,300,000.

Kaka kalipia kibao, "TUNAFUNGUA KARIBUNI", herufi nyekundu. Nilimsihi angoje. Bodaboda wameshalifanya jengo kituo: "Nishushe pale hoteli ya karibuni."

18 Desemba 2022: Jiko limewashwa

Jiko limekamilika: meza ya zege, majiko ya gesi, jiko la mkaa la samaki, kofia ya kunyonyea moshi na bomba la bati linalotoka juu ya paa la jiko. Sh 4,900,000. Tulichoma kolekole wawili kujaribu. Moshi ulipanda moja kwa moja ukaelekea mashamba ya watu. Mama alikula, akasema chumvi imezidi, akarudi kibandani kwake.

24 Juni 2023: Moshi umerudi na kusi

Hili lina maelezo marefu kwa sababu sijaona mtu akiliandika.

Desemba ni kaskazi. Upepo unatoka kaskazini mashariki, na jiko letu lililosukumwa pembe ya kusini linakuwa chini ya upepo. Moshi unaondoka, kila mtu anapongezana. Kuanzia Aprili ni kusi. Upepo unageuka, unatoka kusini mashariki, unalikuta jiko kwanza na ukumbi baadaye.

Tulikaribisha watu wa familia Jumamosi moja, kama mazoezi. Jiko la mkaa lilipokolea, moshi ulipanda kwenye bomba kama kawaida, ukatoka, ukainama. Paa la jiko liko chini ya paa la ukumbi kwa zaidi ya mita, na bomba letu liliishia chini ya mgongo wa paa hilo kubwa. Kusi inagonga mteremko wa bati, haina pa kwenda, inarudi chini na kila ilichobeba. Moshi ukaingia kwa kupitia matundu ya hewa juu ya madirisha. Shangazi alikuwa amekaa chini ya tundu moja na shela jeupe. Ndani ya muda mfupi watu walikuwa nje wakikohoa, sahani mkononi, na samaki bado yuko motoni.

Tulichojaribu, kwa mpangilio wake. Feni ya kunyonya ndani ya bomba: ilisukuma moshi mwingi zaidi kwa kasi zaidi kwenye bati lilelile. Kuziba matundu ya hewa: moshi ukapungua, ukumbi ukageuka tanuri. Kuweka kofia ya kuzunguka juu ya bomba: ilisaidia upepo ukiwa mdogo tu.

Kilichofanya kazi ni kurefusha bomba. Limepandishwa hadi limevuka mgongo wa paa la ukumbi kwa karibu mita moja, likafungwa waya za kulishikilia pande tatu. Bati la kawaida halifai kwa urefu huo karibu na bahari, kwa hiyo kipande cha juu ni cha chuma kisichoshika kutu, na ndicho kilichokula fedha. Jiko la mkaa limetolewa kabisa chini ya kofia. Fundi ametengeneza jipya la magurudumu, la pipa lililokatwa, na linahama: wakati wa kusi linakaa kaskazini ya ukumbi, wakati wa kaskazi linarudi kusini. Jumla ya marekebisho Sh 2,700,000.

Kabla ya kulipa fundi wa bomba, washa makumbi mabichi ya nazi ndani ya jiko. Yanatoa moshi mzito unaoonekana hata kwa mbali. Upige picha unavyokwenda. Halafu zuia sehemu ya malipo hadi upepo wa upande wa pili uingie, na umwambie hivyo tangu siku ya kwanza. Atalalamika. Mwishowe tulikubaliana robo ibaki.

1 Oktoba 2023: Bamvua ndani ya shimo

Agosti tulichimba septiki na shimo la kunyonyea nyuma ya vyoo. Shimo lilikwenda mita mbili na nusu likiwa kavu. Tukajenga kwa tofali zilizoachiwa nafasi, tukafunika kwa zege, tukaweka vigae vya vyoo. Sh 3,100,000 kwa mashimo. Nahodha mmoja mzee, jirani yetu, alipita wakati wa kuchimba akasimama.

"Mmechimba lini hapa?"

"Juzi, mzee. Kukavu kabisa."

"Juzi maji mafu. Ngojeni bamvua ya vuli."

Tulimshukuru tukaendelea kufunika.

Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 29 Septemba. Bamvua za miezi hii, na zile za Machi, ndizo kubwa za mwaka. Jana jioni, maji yalipojaa, choo cha wanaume kilianza kubweka. Hewa ilikuwa inasukumwa kutoka chini. Kisha maji yakapanda bakulini, safi, ya chumvi, na kamdudu kadogo ka baharini ndani yake. Tulipofungua mfuniko wa shimo la kunyonyea lilikuwa limejaa hadi shingoni bila mtu yeyote kulitumia. Maji yalipokupwa usiku nalo likashuka. Huku ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, na bahari inapumua humo kwa chini.

Bahati yetu ni kwamba hatukuwa na wateja. Fikiria shimo hilo likiwa na kinyesi cha watu 40 na bahari inaingia na kutoka.

Njia tulizopewa zilikuwa nyingi. Kuchimba zaidi ni kuzidi kuifuata bahari. Kulipia gari la maji taka kila wiki ni kufanya kazi kwa ajili ya gari. Fundi aliyejenga hoteli za Pangani alitushauri tuinue kila kitu, na ndicho tulichofanya:

Tangi jipya la zege, lisilovuja, limekaa karibu juu ya ardhi upande wa barabara. Zege la chini ni nene, sm 20, maana tangi tupu linaweza kuelea maji yakipanda chini yake; fundi alisema ameliona likipasua mabomba. Kutoka hapo maji yanakwenda kwenye tuta la mchanga na kokoto lenye mabomba ya matundu, mbali na maji ya chini, na juu yake tumepanda migomba. Ili choo kiweze kuteremsha kwenda kwenye tangi lililoinuliwa, sakafu ya vyoo imepandishwa ngazi mbili. Vigae vipya vya vyoo vimevunjwa vikiwa bado vinang'aa. Sh 7,600,000, na zile 3,100,000 za kwanza zimezikwa chini ya kifusi.

Ukichimba shimo pwani, chimba siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa. Almanaka ya ukutani yenye miezi inatosha kukupa tarehe.

10 Februari 2024: Mvua na giza

Mvua za El Niño zimesimamisha kazi ya nje tangu Oktoba, na mgawo wa umeme umesimamisha ya ndani, kwani fundi wa vigae anakata kwa mashine. Dari na vigae vya ukumbi vimekwisha hata hivyo, Sh 9,500,000. Tuta la migomba limevumilia mvua bila kutota. Migomba imefurahi kuliko sisi sote.

11 Mei 2024: Banda, Hidaya na Zimamoto

Banda la makuti lilijengwa Machi, nyuma ya mstari wa mita 60: nguzo za mikaratusi iliyotiwa dawa, fito, makuti ya kushona. Sh 4,200,000. Boriti za mikoko ndizo zilizo bora kwa kazi hii, ila mikoko haikatwi bila kibali, na wanaouza usiku sisi hatununui kwao.

Fundi alifunga makuti kwa waya mwembamba badala ya kamba za usumba ili amalize haraka. Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia tarehe 4 Mei, huku kwetu ulifika upepo tu, na kidogo. Ulitosha. Waya ulikuwa umeshakula kutu kwa miezi miwili ya hewa ya chumvi, na upande mmoja wa paa uliteleza wote ukakaa chini kama mkeka uliokunjuliwa. Tumefunga upya kwa usumba uliolowekwa. Sh 900,000.

Wiki hiyohiyo afisa wa Zimamoto alikuja kwa ukaguzi. Alikuwa mtu mpole na aliona mengi. Mitungi ya gesi ya kilo 38 itoke ndani ya jiko ikae nje kwenye kijumba cha wavu chenye kufuli. Mitungi ya kuzimia moto iongezwe. Mlango wa pili wa ukumbi ufunguke kwa nje. Na jiko la magurudumu lisipite chini ya makuti, hata likiwa limezimwa. Hilo la mwisho limeleta ubishi nyumbani, maana njia fupi ya kulihamisha kutoka kaskazi kwenda kusi ilikuwa inapita hapohapo chini ya banda. Sasa linazunguka kwa nje, kwenye njia ya zege tuliyoongeza.

23 Novemba 2024: Umeme, majokofu na mama

Umeme wa njia tatu umefika. Sh 5,400,000, sehemu kubwa ikiwa ni nguzo na waya kwa sababu ya umbali. Omba makadirio ya umeme kabla ya kuchagua majokofu. Kaka alinunua jokofu kubwa la mtumba Dubai na likakaa kwenye turubai mwaka mzima likingojea waya. Vifaa vyote vya jiko na ukumbi: Sh 12,000,000.

Hapa niseme jambo lisilo la ujenzi. Mama amekuwa akipika kibandani muda wote huu, mita chache kutoka kwenye jengo. Wali wa nazi, changu wa kupaka, mchicha, maharage. Sehemu nzuri ya fedha zilizotajwa humu imetoka kwenye masufuria yake. Kaka kwenye simu anazungumzia menyu ya kurasa nne na sahani za mraba. Mama anamjibu, "Baba, wali wangu hauulizi vigae." Wateja wake nao wamemwambia waziwazi kwamba wataogopa kuingia ukumbini na viatu vya pwani. Tumekubaliana menyu itakuwa ya kibandani, kwenye sahani za kawaida, na yeye ndiye atakayeamua bei. Kurasa tatu za menyu zimekufa bila gharama yoyote.

5 Aprili 2025: Iddi imepita

Tulilenga Iddi. Kaka alipata likizo, akaja na mkewe na watoto, na begi lenye fulana za wahudumu. Hatukufungua. Vipimo vya afya vya wapishi vilifanywa mapema mno, mwaka jana, na kadi zao zimekwisha muda. Lazima wapimwe upya. Bwana Afya aliridhika na vyoo, akaridhika na ukumbi, akafungua bomba la sinki la jiko na kusimama pale akiangalia.

Maji hayakuondoka.

Vyoo tulivipandisha ngazi mbili ili viteremke kwenda kwenye tangi. Jiko halikupandishwa. Sakafu yake iko palepale ilipomwagwa Februari 2020, na tundu la kutolea maji sakafuni liko chini kuliko mdomo wa tangi. Wakati wa majaribio ya moshi maji ya jiko yalikuwa yanamwagwa nje kwa ndoo na hakuna aliyefikiri. Chemba ya mafuta, ile inayozuia mafuta ya samaki yasiende kwenye tangi, ilikuwa inarudisha maji nyuma, na safu ya mafuta yaliyoganda imekaa juu kama siagi.

Familia ilikula Iddi kibandani. Fulana zimewekwa kabatini.

16 Agosti 2025: Jiko limegawanywa maji yake

Kupandisha sakafu yote ya jiko kungetaka meza, milango na mabomba ya gesi vianze upya, na fundi alikisia milioni 6. Tumefanya hivi. Masinki yameinuliwa juu ya vibao vya zege, na bomba lake linapita ukutani kwa nje, juu ya sakafu, hadi kwenye chemba mpya ya mafuta iliyopandishwa, kisha kwenye tangi kwa mteremko wa sm 2 kwa kila mita. Anayeosha vyombo anasimama kwenye kijukwaa cha mbao. Maji ya kudeki yanakwenda kwenye kishimo kidogo pembeni chenye pampu inayojiwasha yakifika kimo fulani. Chemba ina vyumba viwili: cha kwanza mafuta yanaelea, cha pili maji yanatoka kwa chini. Mafuta yanakombwa kila jioni, na wafuga nguruwe wa mbali wameshaulizia mabaki. Mama amekataa kabla sijamaliza sentensi.

Mafundi na vifaa vya kazi hii bado hawajalipwa chote, kwa hiyo sijaweka bei yake. Bila hiyo, tumetumia karibu Sh milioni 98. Nilipojumlisha kazi za kurudia, ramani, plasta, bomba la moshi, shimo la kwanza na makuti, nilipata milioni 9 na ushei. Nilitegemea kiwe kiasi kikubwa zaidi. Kilichobaki juu ya ile 38 ni bei zilizopanda tukiwa tunasubiri, na vitu ambavyo bajeti ya kwanza haikuwa navyo kabisa: umeme, majokofu, tangi. Bajeti ile ilihesabu kuta na paa kwa makini sana. Maji machafu iliyapa mstari mmoja.

Kibao kimeshushwa. Fundi wa rangi aliniuliza aandike tarehe gani, nikamwambia aandike "SAMAKI" tu.

Yaliyobaki: vipimo vya wapishi, wanakwenda Jumatatu. Kufuli ya kijumba cha gesi. Leseni ya biashara, ambayo inangoja sahihi ya Bwana Afya, ambaye naye anangoja maji ya jiko. Amesema atakuja tutakapokuwa tayari, na nimemwomba asije kabla ya bamvua. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 7 Septemba. Tarehe 8 na 9, maji yakijaa, tutajaza masinki yote na kuyaachia kwa pamoja, tutadeki ukumbi na jiko kwa wakati mmoja, na vyoo vyote viwili vitavutwa mfululizo, pampu ikiwa inafanya kazi na mara nyingine ikiwa imezimwa kama vile umeme umekatika. Nahodha ameahidi kuja na kiti chake. Nitaandika matokeo hapa, hata yakiwa ya aibu.